Neno la Chini ya Ukurasa

Mji Mkongwe, Unguja
Jumapili mchana

Mama yangu, shikamoo.

Najua marahaba yako leo itatoka imenuna, na haki unayo. Mwezi wa nne huu sijakuandikia hata kipande. Nisamehe, mama. Sina uongo wa kukupa: sikuugua, wino haukuniishia, na boti za Pemba zinakwenda na kurudi, nnazisikia honi zake nikiwa dirishani. Nimekawia kwa sababu lile neno ulilomtuma kaka Makame anifikishie lilikuwa zito, na kila nikishika kalamu nilijiona sina jibu lake. Sasa ninalo. Lakini usiruke kwenda mwisho wa barua, nakujua. Nisome taratibu.

Vipi goti lako? Na lile paa la chuo chako cha Kurani, Makame kanambia kwenye simu kwamba upepo umelichukua nusu; ni kweli au katia chumvi kama kawaida yake? Wanafunzi unawakalisha wapi? Simu najua huitaki, unasema sauti hairudiwi kusomwa. Basi nnakuandikia kwa herufi zako za Kiarabu za chuoni, kutoka kulia, ili usimwombe mtu akusomee mambo yetu. Utaona mwandiko wangu umeharibika. Usiwaoneshe watoto wakanicheka. Lakini chini ya kila ukurasa nimekuwekea lile neno, kama ulivyotufunza: neno la kwanza la ukurasa unaofuata, linakaa kule chini pembeni peke yake, likiita. Karatasi zikikudondoka utajua ipi inafuata ipi.

Sisi huku wazima. Thureya ana meno mawili ya chini, na la tatu linatafuta njia, basi nyumba nzima halali mtu. Hamadi bado yuko Kiwengwa, jikoni mwa hoteli. Anakuja Jumatano, anaondoka Alhamisi, na kila Jumatano mtoto humtazama babake kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. "Jamani, mwanangu, ni mimi!" humwambia. Mtoto anatazama mlangoni, kama anauliza huyu anaondoka saa ngapi. Tunacheka, kisha Hamadi anakwenda kuchota maji na mimi najua kaumia kidogo.

Kuchoka nnachoka, mama, sitakuficha. Umeshasikia, na ndipo likaja lile neno lako: "Mwambie Riziki anipe mtoto nimlee, apumzike. Au arudi nyumbani yeye na mtoto. Kupanga vitabu vya watu si kazi ya kumkausha mwanamke." Na Makame kaongeza kwamba nikikubali tu, anapanda boti kuja kumchukua Thureya. Nilimwambia sawa, ntafikiri. Nikafikiri miezi minne.

Hebu nikueleze hiyo kazi, maana siku zote nakwambia "nafanya kazi maktaba" na wewe unaona mwanao anafuta vumbi. Kufuta vumbi nnafuta. Maktaba yetu ni ya wanafunzi wa chuo kikuu. Kitabu kikirudi nnakipokea, nnakirudisha pahala pake. Zamani kila kitabu kilikuwa na kadi yake, kadi ndogo ya karatasi ngumu, na kadi zimekaa ndani ya vidroo vya mbao, kabati zima. Mzee Vuai, mwenzangu wa kazi, ndiye aliyeziandika nyingi kwa mkono wake. Ukimuuliza kitabu, hafungui hata droo, anafumba macho, halafu anakwambia, "Rafu ya tatu, kijani, mgongo umechanika." Na kweli.

Sasa kadi zinaondoka. Kila kitu kinaingizwa kwenye kompyuta, na wakubwa wameamua wafanyakazi wote tusome upya, kila siku saa nane mchana. Asiyejua ajue, na asiyetaka mkataba wake hautaongezwa. Wakatuletea mwalimu, msichana wa bara, Neema, ana shahada na ana subira. Siku ya kwanza tulimkuta Mzee Vuai kaifunika kompyuta yake kwa kitambaa, ati vumbi.

"Mzee, ifunue tuanze," Neema akamwambia.

"Bibi harusi hafunuliwi ovyo," akajibu. "Na mimi vitabu hivi navijua kwa migongo yao. Leo nikaliulize sanduku?"

"Sanduku halisahau, mzee."

"Na mimi umeniona nimesahau nini?"

"Miwani. Unaitafuta tangu nimeingia, na umeivaa kichwani."

Tulicheka mpaka Bi Rahma, mkuu wetu wa maktaba, akachungulia kuona kuna nini. Mzee Vuai alicheka kuliko sote, kisha akamfunua bibi harusi wake.

Mimi, mama, nilikuwa sicheki sana moyoni. Wenzangu wana diploma, mimi nna kidato cha nne. Na saa nane ndiyo saa ya Bi Shara, jirani yetu wa chini anayenishikia mtoto asubuhi, kwenda kutia mchele wake wa vitumbua kwenye maji na kulala. Basi Thureya nnamfunga mgongoni nnakwenda naye masomoni. Bi Rahma anajifanya hamuoni. Akilia, husema, "Hiyo feni ina kelele leo," na huondoka zake.

Saa hiyo mji huu huwa kama umeshushwa chini ya maji. Maduka yamerudishiwa milango, vichochoroni hakupiti mtu, mwanga unaingia kwa mistari kupitia dirishani na ndani yake vumbi la vitabu linapanda na kushuka bila haraka. Neema anasema, sauti yake inakwenda mbali. Mtoto anapumua shingoni kwangu. Mimi macho wazi, na huku nipo chuoni kwako: mkeka umelowa pembeni, tunaosha mbao zetu, wino unatiririka mweusi kisha kijivu kisha hauonekani, na wewe unatuambia msiyamwage maji haya njiani, yana maneno ndani yake. Nikizinduka, Neema ananiuliza, "Dada Riziki, umeelewa?" Nasema ndiyo. Sijaelewa. Nilikuwa naosha ubao.

Sasa nnafika penyewe.

Familia moja ya hapa mjini ilileta kitabu cha bibi yao mkubwa aliyefariki zamani. Kitabu nasema, lakini kilikuwa kurasa tu zilizofungwa kwenye kitambaa, uzi wake umeoza, zimeandikwa upande mmoja, kwa Kiswahili chetu na herufi zako. Nambari za kurasa hakuna. Ulikuwa mkono wa kale, umebanana, hauna irabu. Bi Rahma, anayesoma msahafu wake kila siku, aliutazama akasema macho yake hayauwezi. Mzee Vuai akasema yeye anauweza neno moja kwa siku. Familia waliomba kitu kimoja: tukiweke kwenye kompyuta, na Alhamisi waje wakione, kwa sababu binti mmoja wa yule bibi bado yu hai, mtu mzima sana, na hajawahi kusomewa maneno ya mamake.

Neema akanipa mimi niitie kurasa kwenye skana, yaani ile mashine ya kupiga picha karatasi, iwe ndiyo jaribio langu. Akaniwekea rundo mezani kama wanavyoweka vitabu vyao, mgongo kushoto. "Anza na ya juu, dada, halafu inayofuata. Kompyuta itazitia nambari yenyewe."

Nikaitazama ile karatasi ya juu. Maneno yake ya kwanza yalikuwa "imekwisha kwa rehema za Mola". Nikajua pale pale kwamba nimepewa kitabu kuanzia mkiani. Na nikanyamaza.

Usiniulize kwa nini, ntakwambia mwenyewe. Nilipoandikwa kazi kulikuwa na fomu, pameulizwa lugha unazosoma. Nikaandika Kiswahili, na Kiingereza kidogo. Herufi hizi ulizonipa wewe sikuzitaja. Nilidhani wanauliza elimu. Sasa mwenye shahada kaniambia anza hapa, mimi wa kidato cha nne nimwambie hapana, kwa sababu mama yangu alinifunza juu ya mkeka? Nikaanza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto mgongoni, usingizi unanivuta. Nilipofika katikati Thureya akaamka, akapiga mguu, nikageuka, upepo wa feni ukaingia chini ya rundo. Mama, zile karatasi ziliruka kama njiwa waliotupiwa jiwe. Nikaziokota, nikazipanga zilivyonijia mkononi, nikaendelea na kazi kama hapakuwa na kitu. Hilo ndilo kosa langu, na nimelikubali mbele ya wote.

Jumatano, siku moja kabla ya wageni, Neema akazionesha kurasa ukutani, kubwa, moja baada ya moja. Bi Rahma kafurahi, kasimama na mikono kifuani. Ukuta mzima umejaa mwandiko wa yule bibi. Na mimi peke yangu nilikuwa nnausikia. Unaaga kabla ya kuamkia. Unasema dawa ya homa, unakatikia kwenye kupanda mihogo. Unaanza dua, unamalizikia kwenye chungu cha samaki. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu mzima anayeota kwa sauti, na sisi tumemzunguka tunapiga makofi. Nikamfikiria yule binti yake wa Alhamisi. Nikakufikiria wewe, na mimi nikiwa bibi kizee, watu wanisomee barua zako hivi.

"Bi Rahma," nikasema, "kitabu hiki kimekaa kichwa chini. Na nimekiharibu mimi."

Nikawaeleza yote, mkia na feni na kunyamaza. Neema akashika mdomo. "Dada, mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye mwalimu."

"Mwalimu wa mashine! Mimi herufi hizi sijui hata juu ni wapi!"

Mzee Vuai akacheka pole pole. "Sasa tufanyeje? Hakuna nambari hata moja. Haya ni makaratasi ya kuchezea karata."

Nikamwambia, "Nambari hakuna, lakini kuna neno la chini."

Nikawaonesha. Hawakuwa wameliona, walidhani ni tone la wino au saini. Tukafunga mlango, tukazima feni, tukatandika mkeka wa kusalia wa Bi Rahma na kanga yangu juu ya sakafu, tukazitandaza kurasa zote. Kurasa zikajaa chumba, tukawa tunatembea katikati yake kwa vidole. Nikaishika ile yenye Bismillahi, nikasoma neno lake la chini kwa sauti, kama unavyowaita watoto asubuhi:

"Chumvi!"

Kila mtu akainama kutafuta ukurasa unaoanza na neno hilo. Neema nilimwandikia kwenye kikaratasi, akawa analinganisha maumbo tu, kama anatafuta jozi ya kiatu. Ndiye aliyeupata.

"Huu hapa!"

"Hapana," Mzee Vuai akamkanya, "ukiitwa unasema naam."

"Naam!" Neema akasema, kwa kishindo.

"Mwezi!" "Naam!" "Mlango!" "Naam, mwalimu!" Bi Rahma naye kavua viatu, yumo, anaitika kama mtoto wa miaka saba. Kitabu kikajipanga chenyewe, mama, ukurasa unamwita mwenzake na mwenzake anakuja. Mtoto kalala mgongoni wakati wote, sijui kwa nini siku hiyo.

Karibu na mwisho nikasoma: "Na mtoto wako mchanga akikosa", na chini, peke yake, "usingizi".

"Usingizi!" nikaita.

Hakuna naam.

"Usingizi!"

Tukatazama huku na huku. Sakafuni imebaki karatasi moja tu, ile ya "imekwisha". "Huyo mtoro," Mzee Vuai akasema.

"Kwangu mimi ni mtoro tangu huyu azaliwe," nikasema, na wakacheka. Lakini karatasi moja ya yule bibi imepotea mikononi mwangu. Tukainua mkeka, tukatikisa kanga, tukatazama chini ya makabati. Mwisho Neema akaenda kwenye skana, akafunua kifuniko chake. Ilikuwa pale pale juu ya kioo, imelala kifudifudi. Niliiacha mimi nilipokuwa nasinzia.

"Naam," Neema akasema taratibu, akanipa.

Nikasoma: "usingizi, usimhangaikie yeye kwanza. Jilaze wewe. Mtoto hunyonya maziwa na uchovu pamoja."

Nikakaa chini. Wakaniacha nikakaa.

Alhamisi yule binti alikuja, kashikwa mikono huku na huku. Haoni vizuri tena, basi ukuta na kompyuta havikumsaidia kitu. Nikakaa karibu naye nikamsomea kwa mdomo, tangu Bismillahi hadi imekwisha. Alikuwa anatikisa kichwa tu. Nilipofika kwenye chungu cha samaki akasema, "Kasahau ndimu. Alikuwa anasahau ndimu siku zote."

Walipoondoka, Bi Rahma akaniita. "Riziki, nani kakufunza kusoma hivi?"

"Mama yangu."

"Naye kasomea wapi?"

"Kwa mamake."

"Na kwenye fomu yako hukuandika?"

"Nilidhani mnauliza elimu, Bi Rahma."

 Akanambia: kuna mafunzo ya mwaka mmoja, hapa hapa mjini, ya kutunza maandiko ya kale na kuyaingiza kwenye kompyuta. Nafasi ni moja tu kwa maktaba yetu, na amelitaja jina langu. Nikimaliza, ntakuwa mkutubi mwenye cheti, na mkataba wangu hautakuwa wa kuombea. Lakini nitie saini kabla ya mwezi huu kwisha, na nikitia saini sitaweza kurudi Pemba kuishi kwa miaka mitatu.

Hamadi kakubali. Kasema, "Mimi nshakubali. Lakini mama yako je? Bila radhi yake utakuwa unasoma na mwiba mguuni." Ni kweli. Fomu ipo hapa mezani, kalamu ipo, na mkono wangu haushuki.

Basi hili ndilo jibu langu, na nakuomba ulipokee ukiwa umekaa. Thureya simleti, mama. Ulichosema kina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kweli, na yule bibi kakuunga mkono kutoka kaburini: nipumzike. Nshamwambia Bi Rahma kwamba siku za masomo haya ya saa nane ntaingia kazini saa nne na si saa mbili, na sikumwambia kwa kuomba. Kakubali. Siku hizi nnajilaza na mwanangu asubuhi, na naye kaanza kulala. Nusu ya pili, kupumzika kwa kumtoa mtoto kifuani, hiyo siiwezi. Bado ananyonya. Na nataka anyonye maziwa pamoja na haya maneno, kama nilivyoyanyonya kwako. Kaka Makame aje, ale pilau, alale, amchezeshe mpwa wake, na arudi na mikono mitupu. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyekataa.

Sijakataa kwa jeuri. Nimekataa nikiwa nimepiga magoti.

Nisalimie baba mdogo, na umwambie redio yake betri zipo njiani. Msalimie bibi wa jirani aliyenikata kitovu, wifi yangu mke wa Makame na watoto wake wote, na wanafunzi wako wa chuoni, hasa yule wa mwisho mkekani, maana ndipo nilipokuwa nakaa. Hamadi anakuamkia. Thureya kalichafua pembe hili la karatasi kwa mate, hiyo ndiyo salamu yake.

Mimi mwanao mtiifu na mbishi,
Riziki

Ninavyohitaji uniletee kwa mkono wa Makame ni hivi. Cheti changu cha kuzaliwa, na cheti cha kidato cha nne, vyote vimo kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda chako. Ile juzuu yako ya jalada jekundu, nimwoneshe Neema neno la chini lililoandikwa vizuri; ntairudisha. Kalamu mbili za tete, ulizozichonga wewe na si Makame. Kichupa cha mafuta ya nazi uliyoyapika mwenyewe. Mto mdogo wa sufi kwa ajili ya Thureya. Na karatasi moja ya majibu, hata mstari mmoja unatosha. Chini ya ukurasa huu nimekuwekea neno lako la kwanza. Liko kule pembeni, peke yake, linakuita. Ukipenda, anzia hapo:

Nimeridhia